Umeanzishiwa warfarin baada ya damu kuganda mguuni? Anza hapa

Kila siku ya kliniki maswali ni yale yale. "Niache mchicha?" "Mbona nameza dawa na mguu bado umevimba?" "Mwanangu kasoma kwenye simu kwamba hii ni sumu ya panya, ni kweli?" Nimeamua kuyaandika majibu kwa mpangilio ule ule ambao ningekueleza kama foleni isingekuwepo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kupimwa, akaambiwa ana bonge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu au kwenye mapafu, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na warfarin. Kama bado hujapimwa na mguu wako mmoja umevimba ghafla, shavu la mguu linauma na lina joto, hapa si mahali pako kwa sasa. Nenda hospitali leo, hasa kama umejifungua karibuni, umefanyiwa upasuaji, umefungwa hogo (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) au una saratani. Ukiona na pumzi inakata, kichomi unapovuta hewa au unakohoa damu, usingoje kupambazuke.

Kuhusu ugonjwa wenyewe nitasema machache. Damu huganda ndani ya mshipa kwa sababu tatu kubwa: imetulia mno, kama kwa mgonjwa aliyelala kitandani wiki nzima au abiria aliyekaa kwenye basi kutwa, mshipa umeumia, au damu yenyewe imekuwa rahisi kuganda, jambo linaloletwa na mimba na wiki 6 baada ya kujifungua, saratani, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, VVU, kifua kikuu au urithi wa ukoo. Mara nyingi sababu huwa mbili kwa pamoja. Hatari kubwa haiko mguuni. Kipande kikimeguka kinapanda na damu hadi kwenye mapafu, na huko kinaweza kuua mtu katika dakika chache.

Sasa kariri sentensi moja: warfarin haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue na inazuia mengine yasifanyike, wakati mwili wenyewe unalimaliza taratibu, kwa wiki na miezi. Ukilielewa hilo, nusu ya wasiwasi wako umekwisha.

Na sumu ya panya? Ni kweli. Mwaka 1948 Wamarekani waliianzisha kama sumu ya panya, mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Tofauti ya panya na Eisenhower ni dozi na kupimwa. Hayo mawili ndiyo mwongozo huu wote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la peke yake, lisichanganywe na hesabu za duka.
- Kiboksi cha vidonge chenye vyumba 7. Kama hupati, bahasha 7 za dawa zilizoandikwa Jumatatu hadi Jumapili zinatosha kabisa.
- Kengele ya simu.
- Mswaki laini.
- Karatasi ndani ya pochi: jina lako, "NATUMIA WARFARIN", hospitali unayotibiwa, namba ya ndugu. Ipige picha na uiweke kwenye uso wa simu yako.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua haya yote. Si watano, mmoja anayejua vizuri.
- Majibu ya maswali matatu, uyapate kabla hujatoka hospitali: Nameza miligramu ngapi? INR yangu inatakiwa iwe kati ya ngapi na ngapi? Nitatumia mpaka lini?

INR ni kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Kwa mwenye bonge la mguu au mapafu, lengo la kawaida ni 2 hadi 3. Wenye valvu ya chuma ya moyo wanaweza kupangiwa juu kidogo, kwa hiyo usijilinganishe na jirani yako wa kwenye benchi.

Hatua ya 1: Soma miligramu, usisome rangi

Watu wengi huniambia "nameza kile cha pinki". Kidonge cha pinki kutoka Uingereza ni cha 5 mg. Cha pinki kutoka Marekani ni cha 1 mg. Shangazi akikutumia dawa kutoka nje, au duka likibadilisha kampuni, rangi inaweza kukudanganya mara tano. Angalia namba iliyoandikwa kwenye pakiti kila unaponunua, na umwambie mfamasia dozi yako kwa miligramu. Ukiambiwa umeze kimoja na nusu, kata vidonge vya wiki nzima siku moja, mahali penye mwanga, uvipange kwenye kiboksi.

Hatua ya 2: Chagua saa maalumu ya jioni na usiihame

Saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, inawafaa wengi. Tunapenda jioni kwa sababu ya kawaida tu: majibu ya INR hutoka mchana, na daktari akibadilisha dozi unaianza siku hiyo hiyo.

Ukisahau na ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake asubuhi, iache hiyo, endelea na ya jioni kama kawaida, na uandike kwenye daftari kwamba uliruka. Usimeze mbili kufidia.

Kwa wanaofunga Ramadhani, warfarin haina shida kwa kuwa ni mara moja kwa siku. Meza baada ya kufuturu. Kinachobadilika mwezi ule ni chakula, kwa hiyo omba upimwe wiki ya kwanza na tena baada ya Idi.

Hatua ya 3: Usikatishe sindano kwa sababu vidonge vimeanza

Hili ndilo kosa linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu mara nyingi linatokana na mfuko. Mgonjwa anapewa sindano za enoxaparin au heparin pamoja na vidonge. Siku ya pili anaona sindano ni ghali, vidonge ni rahisi, anabaki na vidonge. Lakini warfarin inachukua siku kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo inaweza hata kuisogeza damu upande wa kuganda. Sindano ndiyo inayokulinda katika kipindi hicho. Huendelea angalau siku 5, na haiachwi mpaka INR ifike 2 na ikae hapo walau saa 24. Kama fedha ni tatizo, sema hapo hapo wodini. Ustawi wa jamii wapo, na wakati mwingine daktari ana njia nyingine, ambayo nitaitaja huko chini.

Ukijichoma mwenyewe nyumbani: choma tumboni, mbali na kitovu kiasi cha vidole vitatu, shika mkunjo wa ngozi mpaka sindano itoke, na usisugue baada ya hapo. Ukisugua unapata jeraha jeusi. Badilisha upande kila siku. Sindano iliyojazwa kiwandani ina kipovu cha hewa. Kama unatumia dozi yake yote, kiache, kipo kwa kazi yake.

Hatua ya 4: Pima INR kwa tarehe uliyopewa, hata kama unajisikia vizuri

Mwanzoni utapimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na namba ikitulia, kila mwezi au zaidi. Kujisikia vizuri si kipimo. INR ya 1.3 haiumi popote, na ya 6 pia haiumi, mpaka siku inapouma.

Ukiwa maabara, angalia chupa. Damu ya INR huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu chepesi, na ndani yake kuna kimiminika kidogo kilichopimwa kwa ajili ya kiasi maalumu cha damu. Ubavuni kuna mstari. Damu isipofika kwenye mstari, kimiminika kinaizidi na INR inatoka juu kuliko ilivyo kweli. Mshipa ukigoma na kichupa kikabaki nusu, uliza kwa upole: "Dada, hii inatosha?" Mtaalamu mzuri hachukii swali hilo.

Majibu yakitoka, andika mwenyewe. Mstari mmoja unatosha, mfano: *Jumatano, INR 2.4, dozi 5 mg, inabaki, kurudi baada ya wiki 2. Nilimeza Flagyl siku 3 wiki iliyopita.* Hiyo sentensi ya mwisho ina thamani kuliko namba, kwa sababu ndiyo inayomweleza daktari namba imetoka wapi. Dozi ikibadilishwa leo, usitegemee kuona mabadiliko kesho. Subiri siku 2 au 3 yaanze, na karibu wiki yakamilike. Kupima kila siku kwa hofu ni kuchoma mikono na fedha bure.

Hatua ya 5: Kula mchicha, ila kula kwa mpango

Warfarin hufanya kazi kwa kuibana vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye mboga za majani: mchicha, sukuma wiki, matembele, kisamvu, majani ya maboga, kabichi. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kuziacha kabisa. Usiziache. Kama nyumbani kwenu mboga za majani ni za kila siku, dozi yako imepangwa juu ya mboga hizo. Ukiziacha ghafla INR inapanda. Ukienda kijijini mwezi mzima ukala kisamvu asubuhi na jioni, inashuka. Tunachotaka ni kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Ukibadilisha mlo kwa sababu yoyote, iwe Kwaresima, ugonjwa au ndoa mpya yenye mpishi mpya, toa taarifa kliniki.

Pombe: kulewa mwisho wa wiki ni mbaya maradufu, inavuruga INR na inakuangusha. Vidonge vya virutubisho vya duka na juisi za "kusafisha damu" acha mpaka uulize.

Hatua ya 6: Dukani, sentensi ya kwanza iwe "natumia warfarin"

Kabla hujataja kinachokuuma. Dawa nyingi tunazozinunua kama pipi zinagombana na hii.

Zinazoongeza hatari ya kutoka damu: aspirini, ibuprofen na diclofenac. Kwa maumivu ya kawaida tumia paracetamol, bila kuzidisha kipimo, na ukiihitaji kila siku kwa siku kadhaa mfululizo omba kupimwa INR kwa sababu nayo inaweza kuipandisha. Sindano ya diclofenac ya tako ikatae kabisa, na sindano yoyote ya kwenye msuli iulizie kwanza, kwa sababu damu inaweza kuvujia ndani ya nyama.

Zinazopandisha INR sana: Flagyl, yaani metronidazole, Septrin, na fluconazole ya fangasi. Ciprofloxacin na erythromycin nazo zimo. Haina maana kwamba hutapewa kamwe. Ina maana utapimwa siku chache baada ya kuanza.

Zinazoishusha: dawa za kifafa kama phenytoin, phenobarbital na carbamazepine, na kubwa kuliko zote, rifampicin ya kifua kikuu. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wagonjwa wenye TB na bonge la damu si wachache kwetu. Rifampicin inalifanya ini kuichoma warfarin haraka mno, mpaka dozi inaweza kulazimika kupandishwa mara mbili, tatu au zaidi ndipo INR ifike 2. Kila mtu anakazana kuipandisha. Kisha matibabu ya TB yanakwisha, mgonjwa anapongezwa, anarudi nyumbani na dozi ile ile kubwa. Katika wiki chache zinazofuata ini linarudi kawaida, warfarin haichomwi tena, na damu inaanza kutoka. Kama uko kwenye dawa za TB, andika leo kwenye daftari tarehe utakayomaliza, na ujipangie kupima INR kila wiki kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Kliniki ya TB na kliniki ya warfarin mara nyingi ni majengo mawili yasiyosalimiana. Mjumbe ni wewe.

Watumiaji wa ARV, taja dawa zako kwa majina, kwa kuwa baadhi zinagusa warfarin na nyingine hazigusi.

Hatua ya 7: Mguu usikandwe wala usichuliwe

Najua. Mama mkwe ameshaweka maji jikoni. Lakini mguu wenye bonge jipya haukandwi kwa maji ya moto, hauchuliwi kwa mafuta, na haupelekwi kwa mtaalamu wa kunyoosha mishipa. Nguvu ya mikono inaweza kumegua kipande. Kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, mwambie anayemkanda mapema, kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu yeye hufanya kwa mapenzi na hatajua.

Hijama na chale pia hapana kwa kipindi chote cha dawa. Ngozi inachanjwa wakati damu haizibi haraka, na hilo peke yake linatosha kukufikisha hospitali.

Hatua ya 8: Tembea

Zamani mgonjwa alilazwa mguu juu, marufuku kusogea. Siku hizi, ukishaanza dawa na daktari hajakuzuia, tembea ndani ya nyumba, kisha uani, kisha hadi dukani. Ukikaa, inua mguu juu ya kiti. Safarini, kama safari ya basi inachukua saa 4 au zaidi, shuka kila linaposimama, chezesha vifundo vya miguu na kunywa maji, hata kama choo cha njiani kinakukatisha tamaa. Kwenye bodaboda vaa helmeti yako mwenyewe.

Kwa wanawake

Warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Hedhi ikichelewa, pima mimba siku hiyo na nenda kliniki. Utahamishiwa kwenye sindano. Usiache dawa kimya kimya ukasubiri. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni haviwafai wengi waliowahi kuganda damu, ila njia nyingine zipo, ziulizie. Kunyonyesha ukiwa unatumia warfarin kunaruhusiwa. Hedhi ikiwa nzito kuliko ulivyozoea, hesabu pedi na uandike.

Mambo yakienda kombo

*INR iko chini ya 2.* Usijiongezee. Angalia daftari: uliruka dozi? Mboga zimezidi? Dawa mpya? Nenda na majibu hayo, kwa kuwa huenda ukahitaji sindano tena kwa siku chache.

*INR imepita 5 na hakuna damu popote.* Usimeze dozi ya jioni hiyo kabla ya kuongea na kliniki. Kama namba imeruka bila sababu yoyote, uliza pia kuhusu kile kichupa.

*Mguu bado umevimba baada ya wiki tatu.* Kwa wengi ni kawaida, hasa jioni. Soksi za kubana zinaweza kupunguza uzito na maumivu. Pima mguu asubuhi kabla haujavimba, na uliza kwanza kama una kisukari au mishipa ya miguu haipitishi damu vizuri. Ila ukivimba upya ghafla, au mguu wa pili ukaanza, rudi hospitali siku hiyo.

*Pua inatoka damu.* Kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Usirudishe kichwa nyuma. Isipokata, nenda hospitali.

*Nimejikata kwa kisu.* Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 na inua mkono. Kahawa ya unga na dawa ya meno viache jikoni na bafuni vinakohusika.

*Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, au kichwa kuuma vibaya kuliko siku zote.* Hospitali mara moja, na pakiti ya dawa mkononi. Kuna vitamini K na tiba nyingine za kurudisha hali, lakini lazima wajue umemeza nini.

*Nimeanguka nikagonga kichwa, ila najisikia mzima.* Nenda hata hivyo. Damu ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kujionyesha.

*Ninaharisha, nina malaria, siwezi kula.* INR huwa inapanda mwili ukiwa hivyo. Tibiwa, taja warfarin, pima mapema kuliko tarehe yako.

*Nang'oa jino.* Mwambie daktari wa meno wakati wa kupanga siku, usingoje mpaka uwe kwenye kiti. Pima INR siku moja kabla. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

*Kwetu hakuna kipimo cha INR.* Hii ni sababu nzito ya kumuuliza daktari kuhusu rivaroxaban au apixaban, vidonge vingine vya kuzuia damu kuganda. Hazihitaji INR wala hazijali mchicha, na kundi lao liliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Bei ndiyo kikwazo. Haziwafai wenye valvu ya chuma, wajawazito, wala walio kwenye rifampicin, na zina masharti yake: rivaroxaban ya 15 mg na 20 mg humezwa pamoja na chakula, si tumbo tupu, na kuruka siku moja kunakuacha bila ulinzi haraka kuliko warfarin. Mahali pengine kliniki za dawa za kuzuia damu kuganda huendeshwa na wafamasia, kama katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, Kenya, kwa hiyo usishangae ukitumwa kwa mfamasia badala ya daktari.

*Miezi mitatu imekwisha, niache?* Miezi 3 ndiyo kima cha chini kwa wengi. Aliyeganda damu baada ya upasuaji au kufungwa hogo mara nyingi huachishwa hapo. Aliyeganda bila sababu inayojulikana, mwenye saratani, au ambaye hii ni mara yake ya pili, anaweza kuendelea muda mrefu, pengine maisha yote. Weka miadi wiki mbili kabla vidonge havijaisha, ili usijikute umeacha kwa sababu tu pakiti ni tupu, na uende na daftari.